Pikipiki Kwenye Vumbi la Magari

Ninyi vijana mnaopita hapa Ipogolo na pikipiki zenu, mmepakia mpunga wa Ubaruku mpaka tairi la nyuma linalalamika, mna honi, mna taa, mna vioo vya pembeni hata kama mmevigeuza mjitazame nyuso. Mnabishana na malori mlimani na jioni mnarudi kwenu kula. Nashukuru Mungu. Lakini kuna mambo nataka kuwaambia kabla sijachoka, nami siku hizi nachoka mdomo kabla ya miguu.

Mimi niliendesha pikipiki katikati ya magari ya mashindano. Uwanjani, siyo barabarani. Sikuwa na honi wala kioo, na breki yenyewe ilikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha zamani cha ndege, nje ya mji wa Iringa. Ndege zilipohamia pengine, walowezi wa huku, Waingereza wa chai na Wagiriki wa tumbaku, wakachonga barabara ya changarawe kukizunguka kile kiwanja. Ikapita nyuma ya kilima chenye mikaratusi, ikarudi mbele ya banda walikokaa watazamaji. Jumapili moja moja, baada ya kanisa, walileta magari yao wakashindana. Pikipiki zilikuwa chache, hazikutosha kuwa na mbio zake, basi zikaingizwa pamoja na magari. Pikipiki zinaachiwa kwanza, halafu magari yanaachiwa yazikimbize. Watu walipenda sana kutazama. Ukiwa juu ya pikipiki hupendi. Unausikia mgongo wako umekuwa mpana kama mlango wa kanisa, na kila gari linalonguruma huko nyuma linauelekea.

Mtauliza Mwafrika aliingiaje humo. Nilikuwa tarishi katika karakana ya Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Yani, mtu mnene, mpole asubuhi na mkali baada ya chakula. Nilipeleka vipuri mashambani kwa pikipiki: Mufindi, Sao Hill, Makambako, mpaka Mbeya. Sikuweza kukaa. Mama yangu alisema nilizaliwa na siafu miguuni. Wenzangu wakipumzika chini ya ukuta wa karakana, mimi nilikuwa nazunguka pikipiki, nakaza hiki, nalegeza kile, natafuta sababu ya kuondoka tena.

Bwana Yani mwenyewe ndiye aliyekuwa akishindana. Siku moja akaanguka akavunjika mfupa wa bega, akaja karakana mkono umefungwa kwa kitambaa, akanitazama muda mrefu.

“Galus, Jumapili utapanda wewe.”

“Bwana, wataniruhusu?”

“Nimesoma kanuni zao zote. Hawajaandika kwamba hapana.”

Hiyo ilikuwa kweli. Kanuni hazikutukataza kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba tungetaka. Nami nilitaka mno, mpaka chakula kikanishinda siku zile zote.

Aliyenifundisha hakuwa Bwana Yani. Alikuwa Koplo Sanga, Mkinga mfupi mwenye miguu ya matege, fundi mkuu wetu. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa tarishi wa pikipiki wa jeshi kule Bama, Asia, akipeleka amri matopeni huku anapigwa risasi. Aliporudi aliacha bunduki lakini cheo akakiweka. Usipomwita Koplo hakusikii. Siku za mashindano ndiye aliyeshika bendera kwenye kona ya banda.

Nilidhani somo la kwanza litakuwa kuwasha pikipiki na kukimbia. Tulipofika uwanjani akaniambia nivue viatu.

“Viatu vya nini, Koplo?”

“Tembea. Zunguka uwanja wote. Mguu ukiumia, weka alama kichwani. Hapo ndipo tairi litakapoteleza.”

Nikatembea pekupeku asubuhi nzima. Nawaambia kweli, mpaka leo naweza kuwachorea ile barabara. Mahali changarawe ilipokuwa nene kama uji wa kuungua, mahali maji ya mvua yalipochimba mfereji mwembamba nyuma ya kile kilima, mahali udongo ulipokuwa mgumu na mweusi wa mafuta. Nilipomaliza akaniuliza mfereji uko upande gani. Nikasema kulia. Akaniambia nirudi nikatazame tena, maana ulianzia kulia ukakatiza kwenda kushoto. Nikarudi.

Somo la pili alinikalisha ndani ya gari la Bwana Yani, kwenye kiti cha dereva. Akasema nitazame mbele kama mtu anayeshindana, mikono kwenye usukani. Yeye akachukua pikipiki akawa anaisukuma taratibu kuzunguka gari, anaimba nyimbo za jeshi.

“Galus, niko wapi?”

“Nyuma, Koplo.”

“Wapi nyuma?”

“Sijui. Nasikia tu.”

“Hapa je?”

Nikageuza kichwa kulia, nikageuza kushoto, simwoni. Kumbe alikuwa karibu yangu kabisa, usawa wa gurudumu la nyuma, ningenyoosha mkono ningemgusa kofia. Nguzo ya mlango ilimficha yeye na pikipiki.

“Sasa ongeza vumbi,” akasema. “Ongeza kelele, ongeza kiburi. Dereva huyo si mbaya, haoni tu. Ukikaa hapa umekaa kaburini. Ama uwe mbele yake akuone, ama uwe nyuma kabisa. Hapa katikati pita, usikae.”

Hilo la kupita bila kukaa lichukueni, vijana. Nawaona mnavyotembea ubavuni mwa malori mkiongea na abiria wenu.

Somo la tatu lilikuwa la upepo. Koplo alivuta tumbaku ya kusokota mwenyewe. Kabla ya mtu yeyote kupanda, aliwasha, akapuliza moshi, akatazama unakokwenda. Vumbi la gari linakwenda unakokwenda moshi. Ukitaka kulipita gari kwenye changarawe, usiingie upande vumbi linakolalia. Pita upande upepo unakotoka. Huko ndiko unakoona, na ndiko unakoonekana. Mimi sikuvuta, kwa hiyo nilichota vumbi kiganjani nikaliachia lidondoke polepole. Watu walidhani natambika.

Kujua siyo kuweza. Siku ya kwanza ya mazoezi na magari, nilisikia moja linanijia nyuma, moyo ukaruka, nikakamata breki ya mbele yote kwa nguvu. Pale pale kwenye changarawe nene nilipokuwa nimekanyaga kwa mguu wangu mwenyewe! Gurudumu la mbele likafunga, pikipiki ikalala, mimi nikaruka juu ya ua wa miti nikatua ndani ya shamba la maharage. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kihehe anavuna. Hakushtuka. Alinyoosha mgongo akanitazama pale nilipolala chali.

“Kamwene,” akanisalimu, kama mgeni aliyepitia mlangoni.

“Kamwene, bibi,” nikaitika. Ningefanya nini?

“Unatafuta nani?”

Koplo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akanionyesha vidole vyake viwili kwenye breki. Viwili tu, unaiminya kama unakamua kiwele cha ng'ombe, na kazi kubwa unaiachia breki ya nyuma. Mkono mzima ukikamata, umekamata kwa woga.

Mbeya nako walikuwa na uwanja, mbovu kuliko wetu. Umejipinda ubavuni mwa mlima, asubuhi ukungu, mchana jua, na hewa nyepesi hadi injini inakohoa kama mzee wa kifua. Pikipiki iliyokwenda vizuri Iringa ilifika Mbeya ikakosa nguvu, plagi nyeusi tii. Huko nilijifunza kupunguza mafuta kwenye kabureta, na huko ndiko nilikokutana na Tuntufye.

Tuntufye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, meno meupe, tarishi wa machimbo ya dhahabu ya Chunya. Mwajiri wake aliposikia kwamba Mgiriki wa Iringa amempandisha Mwafrika, naye akampandisha wake. Barabara ya Chunya mnaijua ilivyo sasa. Wakati ule ilikuwa mbaya mara mbili. Mtu aliyeizoea ile hakuogopa kitu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi juu yake tangu siku ya kwanza. Alikuwa anaingia kwenye vumbi la magari kama mtu anayeingia ndani kwake.

Na utani! Mnajua Wahehe tunavyosingiziwa kula mbwa. Tulipopanga mstari kwa mara ya kwanza akanisogelea sikioni. “Mhehe, mbwa akikatiza mbele yako nakuomba usisimame kumpika, tuko kazini.”

“Wewe endelea na ndizi zako,” nikamjibu.

Mbio zikaanza, na kwenye mzunguko wa pili mbwa kweli akakatiza, mbwa mwekundu wa watu wa pale. Nikamkwepa vizuri kabisa, ila kwa kicheko nilichocheka nikapitiliza kona nikaishia kwenye migomba. Tuntufye akamaliza wa kwanza kati ya pikipiki. Jioni ile akanikaribisha kwa dada yake, tukala, akanisimulia Chunya nami nikamsimulia Bama ya Koplo Sanga kana kwamba nilikuwepo. Tukawa ndugu tangu hapo. Kila nilipopeleka vipuri Mbeya nilimtafuta.

Huko Mbeya pia alikuwepo mlowezi mmoja, mkulima wa kahawa, tuliyemwita Bwana Kimbunga. Gari lake lilikuwa la kijani, wazi juu, na yeye alikuwa mwekundu, kwa hiyo ulimwona kutoka mbali kama ua. Hakupenda pikipiki uwanjani, na pikipiki zenye Waafrika juu yake alizichukia zaidi ya hapo. Hakuwahi kutugusa, lazima niseme haki. Lakini alikuja karibu mno. Alikuja mpaka ukasikia joto la injini yake kwenye visigino, halafu akapita na kukuachia changarawe usoni.

Nilimwambia Koplo, “Huyu atatuua.”

“Huyo anakuona,” Koplo akasema. “Anayekuudhi anakuona. Mwogope asiyejua kama upo.”

Sasa nifike kwenye Jumapili yenyewe.

Ilikuwa Iringa, kiangazi, miezi ile majani yamekauka na upepo wa kutoka mashariki haupumziki. Watu wa Mbeya walikuwa wamekuja. Nilichota vumbi langu nikaliachia. Likakimbilia magharibi hata kabla halijaanguka. Nyuma ya kilima, maana yake, vumbi lingelalia upande wa ndani wa kona, na upande wa nje, wenye majani, ungekuwa wazi. Nikamwendea Tuntufye nikamwambia.

“Pita nje. Ndani leo hakuna macho.”

“Nje ni mbali, Galus. Ndani ni karibu.”

“Karibu na nini?”

Akacheka, akavaa miwani yake ya vumbi.

Tukaachiwa. Pikipiki mbele, na baada ya kitambo magari. Gari la kwanza kutupita lilikuwa dogo, la daktari mmoja wa misheni, mtu mwangalifu, akatupungia mkono. Alipofika nyuma ya kilima aliacha vumbi zito kama blanketi. Tuntufye alikuwa mbele yangu. Nikamwona anainama, anafungua mafuta yote, anaingia mle ndani kulikimbiza. Upande wa ndani. Mimi nikabaki nje kwenye ukingo wa majani, namhesabia moyoni, sasa atatokea, sasa atatokea.

Hakutokea. Nilisikia injini yake ikipiga kelele ya juu sana, ile kelele ya gurudumu lisilogusa chini, halafu ikakatika.

Nikasimama kwenye majani, nikaiacha pikipiki inawaka, nikakimbilia ndani ya vumbi kwa miguu. Alikuwa katikati ya barabara. Ule mfereji ulikuwa umemshika gurudumu na pikipiki ilikuwa juu yake, mguu wa kushoto umenaswa kati ya cheni na fremu. Alikuwa macho.

“Usinitazame! Ondoa hiki chuma!”

Nikashika, nikanyanyua. Akapiga ukelele ambao siwezi kuwaelezea. Mguu ulikuwa umeingia ndani ya cheni. Kila nilivyonyanyua nilikuwa naukata. Nilihitaji mtu wa pili wa kugeuza gurudumu kinyume. Koplo na bendera yake alikuwa upande wa pili wa kilima, haoni chochote. Na nyuma yetu nikasikia gari linateremsha gia kuingia kwenye kona. Nililijua kwa sauti. La kijani. Nyuma yake, mengine.

Nikamwachia. Nikakimbia.

“Galus!” akaita. “Galus! Usiniache!”

Sikumjibu. Sikuwa na pumzi ya kujibu na kukimbia. Nikarukia pikipiki yangu, nikaigeuza ielekee tulikotoka, nikaenda kinyume cha mbio. Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Hakuna kosa kubwa uwanjani kuliko hilo. Hata leo barabarani hakuna. Lakini sikwenda katikati. Nilikwenda nje kabisa, majanini, upande upepo ulikotoka, pale penye macho. Nikasimama juu ya vikanyagio ili niwe mrefu, nikavua koti kwa mkono mmoja, nikalipunga.

Bwana Kimbunga alitokea kwenye kona akiwa ameshalala upande wa ndani, njia fupi, moja kwa moja kuelekea kwenye lile blanketi. Akaniona. Niliona kinywa chake kikifunguka. Alidhani nimerukwa na akili na namfuata yeye. Akakata usukani, akakanyaga breki, gari likaanza kuzunguka kama sahani. Likapita ubavuni mwangu nyuma mbele. Nikageuza shingo kulitazama linaingia vumbini, likatokomea, na kile nilichongoja kukisikia sikukisikia. Nikasikia breki tu, halafu injini ikazima.

Gari la pili likasimama. La tatu likaligusa la pili kidogo, likasimama. Nikageuza pikipiki, nikarudi.

Gari la kijani lilikuwa limekaa mkingamo barabarani, mlango wake karibu na kichwa cha Tuntufye kiasi kwamba Bwana Kimbunga alilazimika kushukia upande mwingine. Akanishika ukosi.

“Wewe iko wazimu? Wewe nataka kuua mimi?”

“Bwana, tazama chini.”

Akatazama. Akaniachia ukosi. Akapiga magoti na suruali yake nyeupe, akashika gurudumu la nyuma, akaligeuza kinyume taratibu huku mimi nashikilia mguu, mpaka cheni ikauachia. Tuntufye alikuwa ananitazama tu, mimi, siyo mguu wake. Sikujua mtazamo ule ulikuwa wa nini. Ulinisumbua kuliko damu.

Wakampeleka hospitali kwa gari la daktari. Wakubwa wa uwanja wakakaa kikao pale pale kwenye banda, nasi tukangoja nje. Bwana Yani aliingia akabishana mpaka tukasikia Kigiriki. Bwana Kimbunga naye alisema, na alichosema nilikisikia kwa Bwana Yani baadaye: kwamba nilimwokoa asiue mtu, na kwamba mtu aliyekwenda kinyume cha mbio asipande tena. Yote mawili kwa pumzi moja. Wakakubaliana naye. Koplo wakamnyang'anya bendera, eti hakuona.

Njiani kurudi nilikuwa nafoka. Nilipiga ngumi ubao wa lori. Koplo akaniacha nimalize.

“Kanuni yao ni ya kweli,” akasema. “Usiikasirikie. Wangekuwa kumi wanaokwenda kinyume, tisa wangekufa na kuua. Wewe ulikuwa nje, kwenye upepo, umesimama. Hayo matatu ndiyo yaliyokuokoa. Siku nikikusikia unajiita shujaa, nitakupiga mbele ya watoto wako.”

“Na wewe bendera yako?”

Akatazama nje, Iringa inakuja juu ya kilima chake. “Bendera nimeshika sana,” akasema. Sauti haikuwa yake.

Mbio zilizofuata, pikipiki zilipewa zamu yake peke yake, bila magari. Hakuna aliyetoa sababu.

Wiki zile nilikuwa mtu wa ovyo. Nikiketi nainuka. Nikienda hospitali kumwona Tuntufye nilitembea barazani kwenda na kurudi mpaka muuguzi akaniuliza kama nimelipwa kusugua sakafu. Kuingia ndani niliogopa. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Tukuyu, mama Sekela, mwanamke mdogo wa umbo, amejifunga kanga mbili kwa baridi ya Iringa. Ndiye aliyenifuata.

“Wewe ndiye Galus?”

“Ndiyo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Anakuulizia kila siku. Kwa nini huingii?”

“Mama, aliniita nikamkimbia.”

“Ingia umwambie yeye, usiniambie mimi.”

Nikaingia. Mguu ulikuwa umefungwa kuanzia paja, umening'inizwa. Nikaketi, nikainuka, nikaketi tena. Mwisho akasema, “Nilijua umenikimbia, Galus. Nililala pale nikakulaani kwa Kinyakyusa ili Mungu aelewe vizuri. Halafu nikasikia pikipiki yako haiendi mbali, inarudi kule magari yanakotoka. Nikasema, kumbe mjinga huyu.”

Nikacheka nikalia. Naye vilevile.

Nilipotoka, mama Sekela alinishika mkono barazani. “Mguu utapona umepinda, wamesema. Atataka kupanda tena, namjua. Akija kwako kuomba pikipiki, umkatalie. Nakuomba kama mama yako.”

Nikaitikia. Nilisema ndiyo, mama.

Alikuja mvua zilipoanza, amepanda lori la tumbaku kutoka Chunya, fimbo mkononi, mguu unafuata nyuma kama mtoto mbishi. Kule machimboni walikuwa wamempa kazi ya kukaa mlangoni kufungua geti. Alikuwa amekonda kwa kukaa. Alisema neno hilo kama ninyi mnavyosema jela.

“Nipe pikipiki.”

“Mama yako amenikataza.”

“Najua. Mimi mwenyewe alinikataza kabla yako.” Akanitazama. “Ungekuwa wewe, Galus?”

Sikuweza kumdanganya. Koplo Sanga alikuwa anafuta mikono yake kwa tambara, anatusikiliza. Nikamtazama aniokoe. Akasema tu, “Uwanja leo hauna magari.”

Tukaenda wote watatu. Mvua ilikuwa imelaza vumbi, changarawe nyekundu na safi, barabara nzima inaonekana. Tukamtembeza kwanza, kwa fimbo yake, nusu ya uwanja, mpaka mguu ukakataa. Tukamwinua tukamkalisha juu ya pikipiki. Klachi na mafuta viko mikononi, hivyo havikumpa shida. Gia ilikuwa upande wa mguu mzima. Akazunguka mara ya kwanza taratibu, anakwenda kama bi harusi. Alipopita mbele yetu hakututazama. Midomo ilikuwa inatembea.

Mara ya pili akafungua mafuta.

“Koplo, mwambie apunguze.”

“Kwa mdomo upi?”

Akaingia nyuma ya kilima. Mnajua sauti ya pikipiki inavyomezwa na mlima: kwanza inapungua, halafu inakuwa kama nyuki, halafu hakuna. Mikaratusi ilikuwa inadondosha maji. Akilini nikamwona mama Sekela kule barazani hospitali na kanga zake mbili. Nikaanza kutembea kuelekea kilimani, nikageuka, nikarudi, nikaanza tena. Koplo alikuwa amewasha tumbaku yake na hakuivuta, imeungua mpaka kidoleni.

Halafu tukaisikia, upande ule mwingine, gia inapanda.

Tuntufye alipanda pikipiki miaka mingi baada ya hapo, na alikufa kitandani kwake Tukuyu, mzee mwenye wajukuu, mguu wake umepinda vilevile. Mama yake alinisamehe siku ya harusi ya mwanawe, kwa sharti kwamba nicheze.

Ninyi mnaniona hapa barazani, mzee anayeinuka kila mnapopita, mnadhani nawasalimu. Mnapiga honi, mnaniitikia. Si salamu. Ile kona ya juu pale inawameza, na mimi siwezi kuketi mpaka nimesikia mmetokea upande wa pili.